Maombi 24, kimya. Kazi imeisha, pesa haijafika: jinsi ya kutafuta palipokwama

"Dada, nimetuma maombi 24 Upwork, hakuna hata mteja mmoja aliyenijibu. Nishushe bei?"

Ujumbe huo aliniandikia mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, saa tano usiku, bando likiwa linakaribia kukata. Upwork ni jukwaa la mtandaoni ambako wenye kazi wanatangaza na wafanyakazi wanaomba. Nilimrudishia swali: katika hayo matangazo 24, ni mangapi ambayo mwenye kazi alikuwa bado anatafuta mtu siku ulipoomba? Hakujua. Na kama hajui, kushusha bei ni kubahatisha.

Wengi tulianza hivyohivyo. Kitu kikikwama tunabadilisha vyote kwa pamoja: picha, bei, maelezo ya wasifu, hata jukwaa lenyewe. Mambo yakinyooka hatujui kilichonyoosha ni kipi, na yasiponyooka tunasema kazi za mtandaoni ni za wenye bahati. Fundi pikipiki hafungui injini kabla hajatikisa tangi kusikia kama mafuta yamo.

Kazi ya mtandaoni ina vituo vyake. Unaliona tangazo, ombi lako linasomwa, mteja anajibu, mnakubaliana, unafanya, anaipokea kazi, pesa inaachiwa, halafu inasafiri mpaka benki au kwenye simu yako. Ugonjwa huwa katika kituo kimoja au viwili, si vyote. Mimi nitaanzia kituo cha mwisho, cha pesa, nirudi nyuma mpaka kwenye maombi ya mdogo wangu. Nina sababu: njia ya pesa unaweza kuipima leo kabla hujapata mteja hata mmoja, na kukwama pale kunauma kuliko kwingine kote, maana jasho limeshatoka. Natafsiri Kiingereza na Kiswahili na kuandika maandishi ya chini ya video, nikiwa Morogoro, kwa hiyo mifano yangu itaegemea huko. Mchora nembo au mwingiza data atajiona humuhumu.

Dalili: pesa inaonekana kwenye jukwaa, lakini haitoki

Angalia jina kwanza. Malipo yangu ya kwanza kabisa yalikuwa dola 48, na yalikaa wiki tatu bila kunifikia. Kitambulisho changu cha NIDA kilikuwa na jina la kwanza kama neno moja. Benki, siku nafungua akaunti, mhudumu aliligawa mawili. Binadamu akiyaona majina hayo hatashtuka. Mfumo wa malipo unaona watu wawili, na pesa inarudi ilikotoka. Nilitoa pesa, ikarudi. Nikatoa tena, ikarudi tena, na safari ya pili nikakatwa ada juu yake. Nilikuwa nalaumu mtandao, nalaumu jukwaa, mpaka siku nilipoiweka taarifa ya benki kando ya kitambulisho na kusoma herufi kwa herufi.

Majina yetu yana mitego mingi ya namna hii: Mohamed na Muhammad, Zuhura na Zuhra, jina la babu lililopo NIDA na halipo benki. Dawa ni kuchagua mwandiko mmoja, ule wa kitambulisho, na kwenda benki nacho wairekebishe akaunti. Usifanye kinyume chake, yaani kubadilisha jina kwenye jukwaa lifanane na kosa la benki, kwa sababu jukwaa nalo siku moja litakudai kitambulisho. Ukiwa benki, omba uandikiwe jina la akaunti lilivyo kwenye mfumo wao, namba yake, na msimbo wa SWIFT, herufi zinazoitambulisha benki kimataifa. Misimbo ya benki kubwa ni rahisi kuipata, CRDB ni CORUTZTZ na NMB ni NMIBTZTZ, lakini chukua iliyoandikwa na benki yako mwenyewe, usichukue ya kwenye video ya mtu.

Kama majina yanalingana, angalia fomu ya kodi. Upwork haikuruhusu kutoa pesa mpaka ujaze W-8BEN, na hapo wengi hukimbia wakisema, "Mimi si Mmarekani, kodi ya Marekani inanihusu nini?" Fomu hiyo ndiyo ya kusema hivyo hasa: unathibitisha kwamba wewe si mlipakodi wa Marekani. Unajaza jina, nchi na anwani ya unakoishi, unatia saini kwa kuandika jina lako. Haina uhusiano na TRA, na haikuondolei wajibu wa TIN hapa nyumbani.

Sababu ya tatu siyo ugonjwa. Njia ya malipo ikiongezwa leo Upwork, haianzi kufanya kazi leo. Inashikiliwa siku 3 kwa usalama. Ndiyo maana nasema ongeza njia ya malipo mapema, siyo siku kodi ya nyumba imefika.

Sababu ya nne ni kuchagua njia ambayo nchi yako haina. Hapa Watanzania tunaumia kwa kufuata maelekezo ya majirani. Mkenya anakwambia "fungua PayPal, pesa inaingia M-Pesa", naye hadanganyi, kwao huduma hiyo ipo tangu 2018. Akaunti ya PayPal iliyofunguliwa Tanzania kwa miaka mingi imekuwa ya kulipia tu, haipokei. Mtu anampa mteja barua pepe yake ya PayPal kwa furaha, mteja anajaribu kutuma, inakataa, na mteja anaanza kumtilia shaka. Wengi wetu tunapitia Payoneer, kampuni ya kupokelea malipo kutoka nje, kisha benki. Payoneer nao wana masharti yao: hawataki pesa za zawadi wala za ndugu, wanataka malipo ya kazi, na wanaweza kukuomba ankara au mkataba ndipo waachie. Weka nakala za makubaliano yako tangu mwanzo. Kuna pia ada ya mwaka kwa akaunti isiyopitisha pesa za kutosha, kwa hiyo usiifungue ikae tu.

Kuhusu kutumia akaunti ya shemeji aliyeko Nairobi: usijaribu. Jina halitalingana, na tumesharudi tulikoanzia.

Dalili: nimemaliza siku nyingi, jukwaa linasema pesa "inasubiri"

Mara nyingi hapa hakuna kilichoharibika, ni kalenda tu. Lakini kalenda yenyewe inabidi uijue.

Kazi ya kulipwa kwa saa Upwork inahesabiwa kwa wiki, Jumatatu hadi Jumapili, kwa saa za kimataifa. Kwa saa zetu za Afrika Mashariki wiki inafungwa saa tisa usiku wa kuamkia Jumatatu. Ukifanya kazi Jumapili saa sita usiku, bado imo katika wiki inayoisha. Ukiamka saa kumi alfajiri kumalizia, hiyo ni ya wiki mpya na malipo yake yatachelewa wiki nzima. Baada ya kufunga, mteja ana siku za kukagua, kisha pesa inashikiliwa kidogo, na unaweza kuitoa Jumatano, siku 10 baada ya Jumapili ile. Kwa hiyo anayeanza kazi Jumatatu ya tarehe 1 ataishika pesa ya wiki hiyo tarehe 17. Panga luku na nauli zako ukijua hivyo.

Kazi ya bei maalumu ina hesabu nyingine. Ukiwasilisha, mteja ana siku 14 za kukubali au kuomba marekebisho. Akikaa kimya zikapita, pesa inaachiwa yenyewe, halafu inashikiliwa siku 5. Fiverr, jukwaa jingine ambako mnunuzi anaagiza huduma uliyoitangaza wewe, oda hujifunga yenyewe baada ya siku 3 tangu uwasilishe kama mnunuzi hasemi kitu, na kwa anayeanza pesa inakaa siku 14 ndipo ikomae.

Sasa ugonjwa wa kweli. Siku zile 14 za Upwork zinaanza kuhesabiwa pale unapobonyeza kitufe cha kuwasilisha kazi kwa malipo. Ukimtumia mteja faili kwenye mazungumzo, akajibu "asante, nzuri sana", saa haijaanza kugonga. Nimewahi kukaa mwezi nikimsubiri mtu mwema kabisa, mwenye shukrani tele, ambaye hakuwa na habari kwamba kuna kitu anatakiwa akikubali. Kitufe nilikuwa sijakibonyeza mimi.

Ugonjwa wa pili ni kuanza kazi wakati hatua ya malipo haijawekewa pesa. Makubaliano yapo, mkataba upo, lakini amana, pesa ambayo mteja anaitanguliza kwenye jukwaa, ni sifuri. Kabla ya kugusa neno la kwanza angalia kama pesa ya hatua hiyo imeshawekwa. Kama haijawekwa, mwandikie mteja, "Nikiona hatua ya kwanza imewekewa pesa, naanza mara moja." Mwenye nia ataweka siku hiyohiyo, na asiye na nia utakuwa umemjua bure.

Wa tatu ni wa kazi za saa. Programu ya Upwork ya kompyuta inapiga picha ya skrini mara 6 kwa saa, kwa dakika usizoweza kuzibashiri. Zile picha ndizo ulinzi wako mteja akikataa kulipa. Saa ulizoziandika kwa mkono baadaye, kwa sababu ulisahau kuwasha, hazina ulinzi huo. Mteja akizikataa, zimekwenda. Wapo wanaoona aibu kupigwa picha wakifanya kazi. Aibu iishe, funga WhatsApp ya kwenye kompyuta, washa programu.

Dalili: pesa imefika, lakini pungufu

Piga hesabu ya makato kabla ya kutaja bei, siyo baada. Fiverr wanachukua 20 kwa mia kwa muuzaji, hivyo oda ya dola 50 ni dola 40 kwako, na oda ya dola 5 ni dola 4. Upwork, kwa mikataba mipya tangu 2025, makato ni kati ya 0 na 15 kwa mia na unaonyeshwa kiwango kabla hujatuma ombi. Kisha kuna kutoa, na kuna kubadilisha dola kuwa shilingi, ambako wengi hawaangalii kabisa. Linganisha kiwango ulichopewa na kile kinachotangazwa na Benki Kuu siku hiyo, utaona ulipoachia. Kama mteja anatuma kwa SWIFT moja kwa moja, benki za katikati nazo zinakata chao. Mwombe achague gharama zote zibebwe na mtumaji, na usikubali njia hiyo kwa vipesa vidogo. Kusanya, utoe mara moja.

Kwa watafsiri kuna upungufu mwingine ambao haumo kwenye makato yoyote. Ukikubaliana bei kwa neno, uliza: neno la lugha ipi? "Hawatakuwa wameshamlipa" kwetu ni maneno mawili; Kiingereza chake hakipungui matano. Hati ya maneno 5,000 ya Kiingereza niliyoifanya mwaka jana ilitoka maneno 4,300 ya Kiswahili. Kwa senti 4 za dola kwa neno, ni dola 200 ukihesabu matini chanzi, dola 172 ukihesabu tafsiri. Dola 28 zimemezwa na viambishi. Siku zote mimi nahesabu chanzi, na naandika hivyo kwenye makubaliano, maana pia mteja anajua gharama yake kabla sijaanza.

Dalili: mteja wa nje ya jukwaa kanyamaza baada ya kupokea kazi

Mashirika ya tafsiri yana desturi ambayo inamshtua mgeni. Hayalipi kazi ikiisha, yanalipa siku 30, 45 au hata 60 baada ya ankara. Mtu analia kuwa kaibiwa kumbe hajasoma masharti. Kwa hiyo kwanza angalia barua ya makubaliano: siku ngapi, na zinahesabiwa kuanzia lini. Pengine ni mwisho wa mwezi uliotuma ankara, siyo siku uliyotuma.

Kama siku zimepita, tazama ankara yako kabla ya kumlaumu mtu. Ina namba ya oda waliyokupa? Ankara isiyo na namba hiyo inakaa kwenye kikasha cha mhasibu ambaye hajui ni ya kazi gani, na meneja wa mradi aliyekusifia hajui kama imekwama. Ina jina la akaunti, benki na SWIFT? Ilitumwa kwa barua pepe ya uhasibu au ya meneja? Kati ya malipo yangu yaliyochelewa, sehemu kubwa ilikuwa haya, siyo wizi.

Ukumbusho andika mfupi, usio na machozi: "Ankara namba 014, oda namba hii, dola 120, ilitakiwa kulipwa tarehe 5. Naomba kujua tarehe ya malipo." Usieleze kwamba mtoto anaumwa. Mhasibu wa ng'ambo anafanyia kazi tarehe na namba. Ukikaa wiki bila jibu, rudia, na umtumie nakala meneja wa mradi.

Kinga yake ni kumchunguza mteja kabla. ProZ, jukwaa la watafsiri lililoanza 1999, lina sehemu iitwayo Blue Board ambako watafsiri wanatoa alama kwa mashirika waliyofanya nayo kazi, 1 hadi 5. Shirika ambalo watafsiri kadhaa wamelipatia alama 1 miezi hii ya karibuni, hata kama miaka ya nyuma lilikuwa na 5, liache.

Na mteja wa hapahapa nyumbani, yule wa "nitakurushia jioni"? Nusu kwanza, nusu kabla ya faili safi. Mtumie rasimu yenye alama katikati ya ukurasa. Mtajie bei kwa shilingi. Kanuni za 2025 zinakataza kutoza bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni, na hata bila kanuni, mwenye duka Msamvu atakuangalia vibaya ukimtajia dola.

Dalili: mteja amekubali upesi mno

Hii wanaoanza hawaihesabu kama dalili, wanaishangilia. Hakuuliza sampuli, hakujadili bei, anataka mhamie Telegram sasa hivi. Hapo kazi imeshakuwa chambo.

Sura zake ninazozijua ni chache na zinajirudia. Kuna wa kuandika upya kurasa za kitabu kwa mamia ya dola, ila utoe "ada ya usajili" au "dhamana" kwanza; hakuna mwajiri wa kweli anayelipwa na mfanyakazi. Kuna wa kubofya na kupenda video: siku ya kwanza unalipwa kweli, siku ya tatu unaambiwa uweke pesa yako ili ufungue kazi kubwa. Kuna anayetuma hundi ya kiasi kikubwa kuliko mlichokubaliana na kuomba umrudishie ziada. Hundi itagoma baadaye na ziada itakuwa imetoka mfukoni kwako. Kuna barua pepe inayosema umeshalipwa, yenye nembo na rangi zote. Usiiamini barua. Fungua akaunti yako mwenyewe kwa kuandika anwani, uangalie salio.

Mmoja anawapata hata wenye akili zao: jaribio la bure. Kufanya jaribio la maneno 200 au 300 ni kawaida katika tafsiri. Lakini siku moja nilipokea jaribio lililoanza katikati ya sentensi. Jina la faili liliishia na sehemu ya 7. Nilitazama nikaelewa: kuna hati ndefu imekatwa vipande, kila mtafsiri katumiwa kimoja kama mtihani, na mwisho wa siku mwenye hati anayo tafsiri nzima bila kulipa senti. Jaribio la haki lina mwanzo na mwisho, na halizidi ukurasa.

Halafu kuna anayetaka kukodi akaunti yako. Anakwambia, "Wewe lala, mimi nafanya kazi, tunagawana." Akikamatwa kwa ulaghai, jina ni lako, kitambulisho ni chako.

Dalili: akaunti imefungwa

Nitapita haraka, kwa sababu ikishafungwa mara nyingi imekwenda. Sababu za kawaida: akaunti mbili za mtu mmoja, kujifanya uko Marekani kwa VPN (programu ya kuficha ulipo), kutumia kitambulisho cha mwingine, kumpa mteja namba ya WhatsApp kabla ya mkataba Upwork, au kuhamisha mteja nje ya jukwaa kabla ya miezi 24 waliyoiweka kwenye masharti. Andika rufaa moja fupi ya kweli, ambatisha kitambulisho, usifungue akaunti nyingine wakati unasubiri.

Ila kuna kufungwa kusiko na kosa lako. Machi 2024 Remotasks, iliyokuwa inawapa vijana wengi wa Kenya kazi za kuweka alama kwenye picha na data, iliondoka nchini humo kwa taarifa fupi ya barua pepe. Waliokuwa na jukwaa hilo moja tu waliamka hawana kazi. Kuwa na mlango wa pili, hata mdogo: watafiti wa vyuo wanaohitaji mahojiano yaandikwe, asasi zinazotafsiri dodoso.

Dalili: maombi yanaondoka, majibu hayaji

Tumefika kwa mdogo wangu. Yeye anaandika maandishi kutoka kwenye sauti, mahojiano na semina. Jumamosi alikuja na kompyuta yake, tukafungua maombi yote 24, moja baada ya jingine. Kila tangazo la Upwork linaonyesha pembeni mambo ambayo hakuwa akiyasoma: mteja aliliangalia lini mara ya mwisho, anahoji watu wangapi, ameshaajiri au bado, amewahi kutumia kiasi gani, na kama njia yake ya malipo imethibitishwa.

Maombi 9 yalikwenda kwa matangazo ambayo mteja hakuyagusa kwa wiki nzima. 6 yalikwenda kwa wasiothibitishwa malipo na wasio na historia yoyote. 4 mteja alikuwa ameshaajiri mtu. Yamebaki 5. Na kila ombi linakula Connects, vocha za Upwork za kuombea kazi, ambazo zikiisha za bure unanunua kwa senti 15 za dola kila moja. Kwa wastani wa 8 kwa ombi alikuwa ameteketeza zaidi ya dola 25, na sehemu kubwa ilikwenda kwenye milango isiyo na mtu ndani. Bei haikuhusika hata kidogo.

(Mteja ambaye hajathibitishwa malipo si lazima awe tapeli, kila mteja alikuwa mpya siku moja. Omba ukitaka, lakini usianze kazi mpaka alama ionekane.)

Tukayasoma yale 5. Yote yalianza hivi, kwa Kiingereza, nami naliweka kwa Kiswahili: "Habari Bwana au Bibi, mimi ni mtaalamu mwenye bidii, uzoefu na umakini mkubwa, nimelisoma tangazo lako kwa makini." Nilimuuliza tangazo lilihusu nini. Hakukumbuka. Mteja naye ameona sentensi hiyo mara 30 asubuhi hiyo, na siku hizi nyingine zimetungwa na mashine neno kwa neno. Kwenye orodha ya maombi anaona mistari miwili ya kwanza tu. Ukiitumia kujisifu, ya tatu haitasomwa.

Tulichukua tangazo moja jipya la siku hiyo: dakika 42 za mahojiano yaliyorekodiwa Kakamega, na mteja ameweka kipande cha dakika tatu. Ombi lililotoka lilikuwa hivi:

"Nimesikiliza kipande ulichoweka. Kuanzia dakika ya pili mzee anachanganya Kiswahili na Kiluhya, na kuna upepo kwenye kinasa. Kiswahili nitakiandika chote. Maneno ya Kiluhya nitayawekea alama na muda, ili msemaji wa lugha hiyo ayakamilishe. Nimeambatisha sekunde 30 za mwanzo. Swali moja: unataka vigugumizi na 'eeh' viandikwe kama vilivyo, au visafishwe?"

Swali la mwisho ndilo linalofanya kazi. Aliyewahi kuandika sauti anajua kwamba mtafiti wa lugha anataka kila "eeh", na mwandishi wa ripoti hataki hata moja. Kuliuliza kunaonyesha uzoefu kuliko kuutaja. Na kukiri kwamba hajui Kiluhya kulimjengea heshima. Mteja angeligundua tu dakika ya tano.

Ukiwa huna kazi ya kuonyesha, itengeneze. Mimi nilianza kwa kuchukua programu moja ya simu yenye Kiswahili kibovu. Kitufe cha kuhifadhi faili kilikuwa kimeandikwa "Okoa", kana kwamba faili limezama Ziwa Victoria. Kitufe cha ukurasa wa kwanza kilikuwa "Nyumbani", nami nikapendekeza "Mwanzo". Nilipanga makosa 12 na masahihisho yake kwenye ukurasa mmoja, bila kuitaja programu, na ukurasa huo ndio ulionipatia wateja wangu watatu wa mwanzo. Cheti changu hakuna aliyekiuliza.

Wasifu wake nao ulikuwa na ugonjwa: kuandika sauti, kubuni nembo, kuingiza data, tovuti, "na mengineyo". Tulifuta vyote tukabakiza kimoja: sauti za Kiswahili, pamoja na za watu wanaochanganya lugha. Kuhusu bei, tuliiacha palepale. Anayeshusha mpaka dola 3 kwa saa anawavuta wateja ambao ndio wagumu kuliko wote, na akishazoeleka na bei hiyo historia yake yote inamwonyesha wa dola 3.

Alituma ombi la Kakamega Jumamosi jioni, na mengine mawili Jumatatu. Alhamisi usiku simu yangu ikalia.

"Dada, kajibu! Anauliza naweza kuanza lini."

"Hongera. Kaweka pesa ya hatua ya kwanza?"

"Kaweka, nimeiona."

"Na jina la benki umeshalilinganisha na la NIDA?"

Akanyamaza kidogo. Akaniuliza benki inafungua saa ngapi.